KUFYEKA CHINI YA MINAZI
Hotuba kwa Wenye Mashamba wa Likoni



Mashamba mengi ya Likoni, kutoka Mtongwe hata Shika Adabu, ni urithi wa wazee waliopanda minazi, miembe na mikorosho. Warithi wakikawia kugawana, au mwenye shamba akienda kazini mbali kwa misimu michache, kichaka huinuka na kuzifunga njia. Nazi huanguka zisionekane, mipaka hupotea, na mkwezi hukataa kuukaribia mnazi asiouona shina lake, kwa kuogopa nyoka. Hapo shamba lenye mali huwa halimlishi mwenyewe.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo yamkanya mvivu atafutaye udhuru, na ni ya kweli penye ardhi tupu. Lakini penye kichaka kilichoota katikati ya miti, mkulima asiyechagua kifaa ndiye aharibuye. Imempasa kila mwenye shamba kujiuliza kwanza, si kitu gani kitaondolewa, bali kitu gani kitabaki. Kifaa huchaguliwa kwa ajili ya kile kitakachobaki.

Yafaa kuufahamu mnazi wenyewe. Mwembe ukikatwa gome, jeraha lake huweza kujifunga polepole, kwa kuwa chini ya gome kuna tabaka jembamba linalozaa mti mpya. Mnazi hauna tabaka hiyo. Panga likiutia kovu, kovu hilo hudumu muda wote wa maisha ya mnazi, nayo ni miaka 60 na zaidi. Tena mnazi una moyo mmoja tu kileleni; moyo ukifa, mti mzima umekufa. Mche uliofyekwa leo kwa kutoonekana katika majani ni hasara ya miaka 6 au zaidi kabla mwingine haujazaa mahali pake.

Basi kifaa cha kwanza ni panga, pamoja na mundu. Hivi ndivyo vifaa vya kutumia karibu na shina, kwa maana mkono huona na kusimama upesi. Kila mti na upewe duara la mita 2 hivi litakalosafishwa kwa mkono peke yake. Kazi hii ifanywe kwanza, kabla ya kitu kingine, na kila mche uwekewe kijiti kirefu chenye kitambaa ili atakayefuata auone.

Kifaa cha pili ni fyekeo. Fyekeo lafaa kwa majani na vijiti laini katika nafasi zilizo wazi. Halifai kwa vichaka vyenye mashina ya unene wa kidole gumba, maana hudunda na kumchosha mfanyaji kazi bure. Kwa mashina kama hayo shoka jepesi ni bora.

Cha tatu ni sururu. Kile kichaka cha miiba chenye maua ya rangi mbalimbali, kiitwacho lantana, kikikatwa juu tu huchipuka tena kutoka kisikini. Dawa yake ni kuking’oa, na wakati wa kuking’oa ni baada ya mvua, udongo ungali laini. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hukata wakati wa kaskazi, kukiwa kukavu, kisha hurudi na sururu masika yanapoanza. Lakini sururu isiingie katika duara la mnazi, kwa kuwa mizizi yake mingi imo karibu na uso wa ardhi.

Cha nne ni mashine ya kufyekea inayoning’inizwa begani. Wengi huvuka feri kwenda mjini kuinunua, wakitazama bei na rangi tu. Yapasa kutazama kinachozunguka mwishoni mwa mpini. Uzi wa nailoni wafaa kwa majani, nao hauvunjiki vibaya ukigonga jiwe; lakini ukiugusa mche wa mwembe huuchuna gome pande zote, na mche hufa. Kisu cha chuma cha meno matatu chafaa kwa kichaka kizito. Diski yenye meno kama ya msumeno yafaa kwa mashina madogo magumu. Lakini karibu na ufuo, ambako mawe ya matumbawe hujitokeza juu ya ardhi, chuma hugonga jiwe, meno hukatika, na kipande kikiruka huweza kumpofusha mtu. Mahali hapo panga na mundu bado ni bora kuliko mashine.

Mashine nyingi za aina hii hazinywi petroli tupu. Kipimo cha oili huandikwa katika kitabu chake: ikiwa ni 1 kwa 50, lita 5 za petroli hutiwa mililita 100 za oili, ikiwa ni 1 kwa 25, hutiwa mililita 200. Asiyepima ataiunguza injini. Mwenye kuitumia avae miwani ya kukinga macho, buti na suruali nzito, na watu wengine wote, watoto hasa, wakae umbali wa mita 15. Diski ikigonga kisiki, mashine huruka upande kwa nguvu pasipo kumpa mtu nafasi ya kufikiri.

Mwisho kuna tingatinga, nalo huwavutia watu kwa sababu hufanya kwa saa moja kazi ya juma zima. Minazi iliyopandwa kwa kipimo huachana mita 9 hivi, lakini ile ya wazee mara nyingi imesongamana, na tingatinga halipati mahali pa kugeukia. Hukata mizizi, hugandamiza udongo, na huondoa ule udongo mweusi wa juu ambao ndio chakula cha miti. Tena Pwani yetu ina desturi ya zamani kwamba mti waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Mwenye kulileta tingatinga pasipo kuuliza huweza kuangusha mnazi wa jirani, na kichaka kikageuka kesi.

Na asiyeamini na akumbuke Kongwa, katika Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka nyika huko ili kulima karanga. Wapelelezi walikuwa wameitazama nchi kwa majuma machache tu, tena kwa sehemu kubwa kutoka katika ndege. Yaliletwa matrekta yaliyotumika vitani, na mengine yaliundwa kutokana na vifaru. Kichaka kilikuwa kizito kuliko walivyodhani. Mizizi iliyobaki ardhini ilipinda vyuma vya kulimia, na wakati wa kiangazi udongo ulikuwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na hasara ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Mashine zilichaguliwa kabla ya kichaka kujulikana.

Yako mambo mawili zaidi ya kuangalia. La kwanza, si kila kijani ni adui. Wale siafu wekundu wa mitini waitwao maji moto huuma sana, na mfyekaji hutamani kuwachoma moto. Lakini hao huwinda mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza vidaka vya minazi na kuviangusha. Wataalamu walilichunguza jambo hili Unguja katika miaka ya 1950. Ardhi ikiparurwa ikawa tupu kabisa, sisimizi wengine wa chini huzidi nguvu na kuwafukuza maji moto. Kwa hiyo majani yafyekwe yawe mafupi, yasing’olewe yote, na vichaka vichache vilivyo laini viachwe kati ya miti. Moto usitumiwe.

La pili, magogo ya minazi na marundo ya takataka yasiachwe yaoze shambani, kwa sababu humo ndimo anamozaliana yule mdudu mweusi mwenye pembe atoboaye moyo wa mnazi. Magogo yapasuliwe yawe mbao au kuni. Majani mabichi yaliyofyekwa yatandazwe nyembamba juu ya ardhi, ili yahifadhi unyevu.

Basi mwenye ekari moja hahitaji kununua mashine. Panga kali, mundu, fyekeo, shoka, sururu, na siku chache za vibarua wawili walioonyeshwa miche vyamtosha. Mwenye ekari nyingi na akodi mashine ya begani pamoja na mtu aijuaye, wala asimruhusu kuanza kabla ya kila mti kusafishwa duara lake kwa mkono. Na mwenye mashaka amwendee ofisa wa kilimo, ambaye wazee humwita Bwana Shamba, atembee naye shambani kabla ya kukodi, wala si baada ya miti kuanguka.