Oili Chafu Ina Habari za Injini

Mazungumzo kwa mafundi, madereva na watunzaji wa mitambo ya dizeli wa Kibondo na Kasulu



Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wake kutokana na majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mwaka 2022 wilaya hizo ziliunganishwa na gridi ya Taifa, na majenereta yale yakapumzishwa. Wapo waliodhani kwamba kwa tukio hilo zama za dizeli katika nyanda za juu za Kigoma zimekwisha. Dhana hiyo si sahihi. Gridi haikokoti lori la maharage na muhogo kutoka vijijini. Haichongi barabara, wala haimpeleki mama mjamzito hospitali usiku wa manane. Umeme ukikatika katikati ya upasuaji, ni jenereta ya dizeli inayotazamiwa iwake. Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, huduma za maelfu ya watu zimetegemea malori na mitambo ya dizeli.

Sehemu kubwa ya injini hizo ni kuukuu. Nyingine ziliingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na nyingine zimefumuliwa na kufungwa mara mbili au tatu. Mwananchi au halmashauri haiwezi kila mwaka kununua injini mpya, wala hakuna aibu kutumia mashine ya zamani. Aibu ni kuiacha ife kifo ambacho kingeweza kuzuiwa.

Basi swali ni hili: fundi atajuaje yanayotokea ndani ya injini bila kuifungua? Kwa desturi, habari humfikia kwa kuchelewa. Moshi wa buluu hutoka, nguvu hupungua mlimani, au mlio wa kugonga husikika chini. Mara nyingi, mlio huo unaposikika beringi zimekwisha kulika na krenkishafti imechimbika. Kilichokuwa kazi ya siku mbili kimegeuka kazi ya miezi miwili, na vipuri vinasubiriwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam, ambayo kwa reli iko zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Kigoma.

Njia ya kupata habari mapema ipo, nayo ni kupima oili katika maabara. Kama vile mganga hatumbui tumbo la mgonjwa ili ajue maradhi yake, bali huchukua tone la damu akalipima, ndivyo fundi awezavyo kuchukua oili kidogo ya injini ikapimwa. Oili huzunguka kila mahali ndani ya injini. Hupita kwenye silinda, kwenye beringi, kwenye kamshafti na kwenye gia, na kila inapopita huchukua vumbi jembamba la madini yaliyosagika. Mtu akiitazama kwa macho ataona weusi tu. Mashine ya maabara iitwayo spektromita huichoma oili hiyo kwa joto kali sana, na kila madini yanapoungua hutoa mwanga wa aina yake. Kwa kuupima mwanga huo hujulikana ni madini gani yamo, na kwa kiasi gani.

Maarifa haya si mageni duniani. Mwaka 1946 shirika la reli la Denver and Rio Grande Western la Marekani lilianza kupima oili ya injini za dizeli za treni zake kwa njia hii. Katika miaka ya 1950 jeshi la majini la nchi hiyo likaifuata kwa ajili ya injini za ndege. Leo makampuni ya meli na migodi mikubwa huifanya kuwa kazi ya kila siku, maana yamekwisha kupiga hesabu na kuona kwamba chupa ya oili ni rahisi kuliko injini.

Yafaa ieleweke jinsi vipimo hivyo vilivyo vyembamba. Ichukuliwe, kwa mfano tu, injini ya lori yenye lita 20 za oili. Maabara ikisema kwamba chuma kilichomo ni sehemu 100 kwa kila milioni, maana yake ni kwamba katika oili yote ile mna chuma kisichofika gramu mbili. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kugundua gramu mbili zilizotawanyika ndani ya lita 20. Maabara hugundua hata sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Kila madini yana mahali yanapotoka, na hapo ndipo ilipo faida ya kazi yote. Chuma hutoka hasa kwenye kuta za silinda, krenkishafti, kamshafti na gia. Kromi kwa kawaida hutoka kwenye ringi. Alumini hutoka kwenye pistoni. Risasi, bati na shaba hutoka kwenye beringi, ingawa shaba huweza pia kutoka kwenye kipoza oili. Chuma na kromi vikipanda pamoja, fundi hutazama silinda na ringi. Risasi ikipanda peke yake, hutazama beringi, na huweza kuzibadilisha kabla krenkishafti haijaguswa. Fundi mwenye taarifa ya namna hii hufungua injini akijua anachokwenda kukitafuta.

Hata hivyo, taarifa ya maabara ya mbali haina budi kusomwa na mtu anayeifahamu nchi yake. Sehemu kubwa ya barabara za vijijini za Kibondo na Kasulu ni za udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi vumbi lake hutanda hata juu ya migomba. Vumbi likipenya kwenye kisafisha hewa, au kwenye mpira wa hewa uliopasuka, huingia katika silinda na kusaga kama msasa. Dalili yake katika oili ni silikoni, ambayo ni madini ya mchanga. Lakini wekundu wa udongo huo hutokana na kutu ya chuma, na udongo wa namna hiyo huwa na alumini nyingi pia. Kwa hiyo silikoni na alumini zinapopanda pamoja, si lazima pistoni iwe inalika. Huenda ni udongo wenyewe umeingia. Fundi mwenye busara ataanza na kisafisha hewa na mipira yake kabla ya kuihukumu pistoni. Aidha, injini iliyofungwa karibuni kwa gundi ya silikoni huweza kuonyesha silikoni nyingi kwa muda bila ya vumbi lolote.

Jambo la pili linalohusu nyanda hizi ni mwinuko. Miji ya Kasulu na Kibondo iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na taboo, ambayo pampu yake imerekebishwa kwa ajili ya hewa ya pwani, itapewa dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo. Matokeo yake ni masizi. Masizi yakizidi, oili huwa nzito na huziba filta. Kinyume chake, nozeli inayovuja huteremsha dizeli mbichi ndani ya oili, ikawa nyepesi kama maji, na beringi zikakosa kinga. Maabara hupima mnato wa oili, masizi yake na dizeli iliyomo, na kwa vipimo hivyo pampu na nozeli hurekebishwa mapema.

Jambo la tatu ni maji. Vitabu vingi vya ng'ambo hufundisha kwamba maji ya rejeta yanapovuja ndani ya injini, sodiamu au potasiamu hupanda katika oili. Mafundisho hayo ni ya kweli pale ambapo rejeta imejazwa dawa maalumu ya kupoza. Lakini madereva wengi hujaza maji ya kisima au ya mto, ambayo huenda yasiache alama hiyo. Zaidi ya hayo, maji machache katika oili ya moto huondoka kama mvuke. Kwa hiyo dereva asiyetumia dawa hana budi kuangalia kila asubuhi kiasi cha maji ya rejeta na kuandika anachoongeza. Maandishi hayo ni kipimo ambacho maabara haiwezi kukitoa.

Sasa yaja jambo lililo muhimu kupita yote kwa injini kuukuu. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Injini ya zamani ina desturi zake, na kiasi cha chuma ambacho kingekuwa hatari kwa injini mpya huenda kwake ni hali ya kawaida. Linalotafutwa ni mwendo: je, kiasi kinabaki palepale, kinapanda polepole, au kimeruka ghafla? Vipimo vitatu vilivyochukuliwa kwa saa zilezile za kazi hujenga msingi, na cha nne ndicho huanza kusema. Tena injini kuukuu hula oili. Ikiwa imeongezwa lita nyingi kati ya badilisho moja na jingine, oili mpya huzimua madini yaliyomo, na taarifa ikaonekana njema kuliko ukweli. Ndiyo sababu kila lita iliyoongezwa sharti iandikwe.

Namna ya kuchukua sampuli nayo ina adabu zake. Injini iwe imetoka kazini na oili ingali na moto, ili madini yasiwe yametuama chini. Kama oili inamwagwa, mkondo wa kwanza uachwe upite, na wa mwisho usichukuliwe. Chupa ikingwe katikati. Chupa iwe safi na kavu. Haifai iliyokuwa na soda, wala dawa, wala mafuta ya kula. Juu yake iandikwe namba ya mashine, tarehe, saa au kilometa za injini, saa au kilometa za oili yenyewe, aina ya oili na lita zilizoongezwa. Chupa isiyo na maandishi ni oili chafu tu, hata ikifika maabara. Nayo ipelekwe upesi, si kukaa wiki tatu juu ya kabati.

Wala isidhaniwe kwamba maabara huona kila kitu. Spektromita huona vumbi jembamba sana. Kipande kinachoonekana kwa macho huipita bila kuhesabiwa. Chuma kinachomeguka ghafla huweza kuvunja injini ambayo taarifa yake ya jana ilikuwa njema. Kwa hiyo filta ya zamani ikatwe kwa uangalifu, karatasi yake ikunjuliwe juani, na sumaku ipitishwe juu yake. Dakika kumi za kazi hiyo hutimiza yale ambayo maabara haikuyaona.

Itaulizwa kama gharama hizi zinafaa kwa kila injini. Jibu ni hapana. Injini ndogo ya kusagia mahindi, yenye lita chache za oili, hufaidika zaidi kwa oili hiyo kubadilishwa kwa wakati na kisafisha hewa kuoshwa. Upimaji wa maabara uanze na mashine ambazo kufa kwake ni msiba wa wengi: jenereta ya hospitali, gari la wagonjwa, pampu ya maji ya mji au ya kambi, greda la barabara. Kwa nyingine zipo njia za fundi mwenyewe. Tone la oili kwenye bamba la moto likitoa mlio wa kukaangika, mna maji. Tone kwenye karatasi ya kunyonya likiacha doa jeusi lisilotawanyika, masizi yamezidi. Harufu ya dizeli kwenye kijiti cha kupimia huashiria nozeli. Njia hizi hazitaji madini, lakini hazina gharama, na vyuo vya ufundi mkoani Kigoma vingefanya vyema kumfundisha kila kijana.

Lipo onyo moja. Wapo watakaotumia vipimo kama kisingizio cha kurefusha muda wa oili. Kwa injini kuukuu, iliyo katika vumbi na mlima, hilo ni kosa. Kupima oili hakuchukui nafasi ya kubadilisha oili.

Mwisho, maabara haitengenezi injini. Inatoa habari tu, na habari isiyofanyiwa kazi ni karatasi. Kama taarifa inasema beringi zinalika, na mkubwa wa kazi anaamuru gari liendelee mpaka mwisho wa mwezi, basi fedha za kipimo zimetupwa pamoja na injini. Kama dereva anayetoa habari za oili kupungua anashukiwa kuwa ameiuza, dereva wa pili atanyamaza. Fundi apewe mamlaka ya kusimamisha mashine, na dereva apewe heshima ya kusikilizwa. Kila mashine iwe na daftari lake, na daftari lisomwe na wenye kutoa fedha.

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa wa injini hauonekani kwa macho, bali umeandikwa ndani ya oili ambayo kila siku humwagwa chini ya mwembe nyuma ya gereji. Kabla haijamwagwa, na isomwe.