Wengi katika Shauri Moja: Kazi ya Wakili Kijana



Wazazi huuliza: kijana akisomea sheria, atamtetea nani? Wengi hujibu: mwenye fedha. Sisi twapenda kuwaonyesha kazi nyingine, nayo ni kuwatetea walaji wengi walioumizwa na jambo moja.

Tumfikirie mkulima wa korosho aliyenunua salfa isiyofaa, ubwiriunga ukayaharibu maua ya mikorosho yake. Hasara yake peke yake haifikii gharama za wakili, nauli na siku za kushinda mahakamani. Basi hunyamaza, na muuzaji asiye mwaminifu hutegemea ukimya huo. Lakini wakulima 200 wenye hasara hiyohiyo wana shauri zito.

Sheria imeufungua mlango huo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, katika Amri ya 1, Kanuni ya 8, inaruhusu mtu mmoja au wachache kushtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yaleyale. Masharti yapo: mahakama itoe kibali kwanza, kisha wote wanaohusika wapewe taarifa, na kila mmoja wao aweza kuomba aingizwe katika shauri.

Umoja wa namna hii umekwisha kuonekana nchini, ingawa si katika mambo ya bidhaa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka jirani na makazi yao, wakashinda. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 mkazi mmoja wa huko na wenzake 794 wakaenda Mahakama Kuu, nao wakapewa haki. Hapo tunajifunza pia kwamba haki ya kundi moja isigeuke mzigo wa jirani.

Kijana mwenye shahada ya sheria hupitia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ndipo aapishwe kuwa wakili. Akichagua kazi hii, sehemu kubwa ya siku zake haitakuwa ya kusema mbele ya hakimu. Atakwenda kijiji kwa kijiji akiandika majina, akikusanya stakabadhi na kuwaeleza watu kwa lugha yao wanachokidai. Malipo huchelewa. Kishawishi nacho ni kikubwa: kupatana pembeni na mshtakiwa, huku wenye shauri hawana habari.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, daini stakabadhi kila mnunuapo pembejeo, mzitunze pamoja na mfuko wenye jina na tarehe. Pili, msiruhusu majina yenu yaandikwe katika shauri msilolielewa. Ulizeni mpaka mridhike. Tatu, msimdharau kijana wa sheria ambaye hajajenga nyumba. Mkulizeni kwanza ni wangapi waliopata haki yao kwa mkono wake.

Mia wakinyamaza, kila mmoja hubeba hasara yake peke yake. Wakisema pamoja, mahakama huwasikia.