Kinachobaki Mradi Ukiisha



Nimeombwa nizungumzie uongozi na ajira katika mashirika ambayo watu huyaingia kwa sababu ya jambo wanaloliamini: afya ya mama na mtoto, haki ya ardhi, elimu ya mtoto wa kike, hifadhi ya misitu. Humu ukumbini wamo waliozeekea katika kazi hizo, na wamo wanafunzi ambao mwakani watakuwa wakituma barua za maombi huko huko. Nina jambo moja tu la kusema. Katika asasi za namna hii, kiongozi hupimwa kwa kile anachochagua kukihesabu. Mengine yote, pamoja na hatima ya kila aliyeajiriwa chini yake, yanafuata hapo.

Tuanze na tunachokihesabu sasa. Afisa miradi anarudi kutoka semina ya siku mbili wilayani akiwa na fomu ya mahudhurio. Ina jina, kijiji, jinsia, namba ya simu na saini. Asiyejua kuandika ameweka dole gumba. Ipo fomu nyingine ya posho na nauli, na zipo stakabadhi za ukumbi na chakula. Karatasi hizo zinakwenda kwa mhasibu, kisha zinaingia katika ripoti ya robo mwaka, na ripoti inakwenda kwa mfadhili: wanawake 40 wamejengewa uwezo. Yote yaliyoandikwa ni kweli, na hakuna aliyekula fedha. Lakini karatasi zile haziwezi kutueleza kama hata mmoja kati ya wale 40 alifanya jambo tofauti aliporudi kwake. Zinathibitisha kwamba sisi tulifika. Vijana wetu wenye akili nzuri wanatumia miaka yao bora kuthibitisha hilo, nami naona ni hasara kubwa kwa nchi.

Sasa niwapeleke Bangladesh. Mwaka 1970 nchi ile ilikuwa bado ni Pakistan ya Mashariki, na Fazle Hasan Abed alikuwa mkuu wa fedha katika kampuni ya mafuta ya Shell. Novemba mwaka huo kimbunga kiliipiga pwani yao na kuua mamia ya maelfu ya watu. Mwaka uliofuata ikaja vita ya uhuru. Abed aliacha kazi, akaenda London kuchangisha fedha na kuitetea nchi yake, na vita ilipokwisha akauza fleti yake ya huko. Kwa fedha hizo akaanza kuwasaidia wakimbizi waliokuwa wakirudi makwao katika eneo la Sulla, kaskazini-mashariki, mwaka 1972. Huo ndio mwanzo wa BRAC, shirika lililofika hapa Tanzania mwaka 2006, na ambalo vikundi vyake vya mikopo vinajulikana sana kwa akina mama wa mitaani kwetu.

Habari ya fleti ndiyo inayosimuliwa zaidi, na ni habari nzuri. Mimi navutiwa zaidi na jambo jingine: mtu yule alikuwa amesomea uhasibu, na hata alipoingia katika kazi ya kuokoa maisha hakuuacha uhasibu wake mlangoni.

Ushahidi wake ni kampeni dhidi ya kuhara. Kati ya mwaka 1980 na 1990 BRAC ilituma watumishi wake, wengi wao wanawake, nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Ilifika katika nyumba zaidi ya milioni 12. Dawa yenyewe ilitokana na vitu vya jikoni: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji kiasi cha nusu lita. Kanuni hiyo inaweza kusemwa kwa pumzi moja. Ugumu ni kwamba chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, na mama anatakiwa aikumbuke sawasawa usiku wa manane, miezi mingi baada ya mgeni kuondoka.

Mwanzoni mtumishi mmoja aliweza kufundisha hadi akina mama 20 kwa siku. Kwa hesabu zetu za mahudhurio, huyo angepewa cheti cha mfanyakazi bora. BRAC ilikuwa na wakaguzi waliopita katika nyumba zile majuma machache baadaye wakawauliza akina mama wamekumbuka nini, na wakagundua kwamba haraka imeharibu ufundishaji. Uongozi ukaamua idadi ishuke iwe nyumba kumi kwa siku. Kisha ukabadili ujira wenyewe: mtumishi akalipwa kulingana na mambo ambayo mama ameyakumbuka pale mkaguzi alipomrudia.

Tazameni kilichotokea. Hakuna aliyetoka makao makuu Dhaka kwenda kuwafundisha mbinu mpya, lakini watumishi wenyewe waligundua kwamba mama akionyeshwa anasahau, na akitengeneza kwa mikono yake mwenyewe anakumbuka. Wakamwachia yeye abane chumvi, yeye akoroge. Ubunifu ambao tunauitia semina ulikuja wenyewe, kwa sababu kipimo kilikuwa kimehama kutoka kwa mfundishaji kwenda kwa mfundishwaji.

Kisha wakakutana na jambo gumu zaidi: akina mama wengi walikumbuka, ila wachache ndio waliotumia. Walipofuatilia, ikaonekana kwamba baadhi ya watumishi wenyewe hawakuwa wakiiamini dawa wanayoifundisha, na kwamba wanaume walikuwa wameachwa kando. Wakarudi na kuzungumza na wanaume sokoni na misikitini, na watumishi wakapelekwa hospitali wakaone kwa macho yao wagonjwa wakipona. Kiongozi ambaye angehesabu nyumba zilizotembelewa asingeyajua hayo mawili hata siku moja. Angefunga mradi akiwa na furaha.

Nakiri kwamba kumlipa mtu kwa matokeo kuna hatari zake, na simwambii mtu yeyote akaige kesho asubuhi. Wakili wa msaada wa kisheria hawezi kulipwa kwa idadi ya kesi alizoshinda. Atazikataa kesi za wanyonge. Kule Bangladesh ilifaa kwa sababu mbili: mtumishi alikuwa na uwezo juu ya kile alichopimwa nacho, na aliyepima alikuwa mtu mwingine. Pasipo masharti hayo, kipimo kinakuwa dhuluma.

Mfano wa pili uko jirani. Juni 5, 1977 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kabla ya hapo alikwisha kujaribu biashara ya miche aliyoiita Envirocare, nayo haikudumu. Safari hii kazi ilishika, na nadhani sababu mojawapo ni utaratibu wa malipo. Wanawake wa vijijini waliotesha miche kwa mbegu za kwao, na kila mmoja alipata ujira mdogo, senti nne za Marekani, kwa mche uliopandwa ukashika. Mche uliokufa haukulipiwa. Kwa hiyo kazi haikuishia siku ya kupanda, siku ya wageni na picha. Iliendelea katika kumwagilia na kufukuza mbuzi, na katika kurudi kuhesabu. Wataalamu wa misitu walitia shaka kama wanawake wasio na stashahada wanaweza kazi hiyo. Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti ya Green Belt Movement, vuguvugu lililotokana na kazi hiyo, ilikuwa imepita milioni 30.

Wanafunzi, nawaomba msikilize na upande wa ajira wa maisha yake, kwa sababu huo hausimuliwi kwenye mabango. Mwaka 1982 Maathai alikuwa mkuu wa idara katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Akajiuzulu ili agombee ubunge. Akaenguliwa kwa kisingizio cha uandikishaji wa wapiga kura, na alipotaka kurudi chuoni akaambiwa nafasi imekwisha jazwa. Akapoteza kazi pamoja na nyumba ya chuo, akiwa na watoto watatu. Ndipo kazi ya miti, ambayo hadi hapo alikuwa akiifanya pembeni, ikawa kazi yake kamili, kwa msaada uliopatikana kutoka Norway na Umoja wa Mataifa. Hakufika pale kwa kupanda vyeo ngazi kwa ngazi. Aliifuata kazi iliyokuwa imekwisha kuota mizizi ikimsubiri.

Sisemi mfukuzwe kazi ili mpate wito. Nasema kinyume chake, na hapa nawageukia wakurugenzi. Neno wito linatumika vibaya mno katika ofisi zetu. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unahuishwa kila Desemba kwa huruma. Mshahara unachelewa kwa kuwa fedha za mradi hazijaingia. Michango ya NSSF haijapelekwa. Na mtumishi akiuliza, anaambiwa hii ni kazi ya kujitolea. Wale wanawake wa miche walikuwa maskini, na kiasi chao kilikuwa kidogo sana, lakini kilikuwa chao na walijua wanakipata lini na kwa nini. Shirika linalotetea haki za wanyonge lisilomlipa mlinzi wake kwa wakati halina la kumfundisha mtu.

Limebaki la kuondoka, kwa maana taasisi nayo hupimwa kwa kinachobaki kiongozi wake akitoka. Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha Uwaziri Mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Na mwaka 1985 akang'atuka Urais. Abed naye aliacha ukurugenzi mtendaji mwaka 2001 alipofika umri wa miaka 65, akabaki mwenyekiti wa bodi. Mwaka 2019 akaacha na uenyekiti, miezi michache kabla ya kufariki Desemba ya mwaka huo huo. Linganisheni na asasi zetu nyingi, ambako mwanzilishi ndiye mkurugenzi, ndiye mtia saini wa benki, ndiye anayejua nywila ya barua pepe na ndiye anayefahamika kwa mfadhili. Akilazwa wiki mbili, mishahara inasimama. Huyo hajajenga taasisi, hata kama ana tuzo ukutani.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wakurugenzi na kwa bodi zenu. Chagueni mradi mmoja uliofungwa miaka mitatu iliyopita. Mtumeni mtu ambaye hakuusimamia, bila posho ya wanakijiji na bila fomu ya mahudhurio, akawaulize watu wanafanya nini leo ambacho hawakuwa wakikifanya kabla hamjafika. Majibu atakayoyaleta, yawe matamu au machungu, yasomeni mbele ya wafanyakazi wote, dereva na mhudumu wa ofisi wakiwemo, na pangeni bajeti ya mwaka ujao kwa kuyafuata.