Kodi ya Makiso au kiwanja cha Lubunga?

Mwenye dola 12,000 Kisangani ana njia mbili. Tuseme ananunua nyumba katika komuni ya Makiso na kuipangisha dola 100 kwa mwezi: mwaka mzima ni 1,200, yaani asilimia 10. Ikikaa tupu miezi miwili na bati likahitaji kubadilishwa, inabaki chini ya asilimia 8. Tena garanti anayoweka mpangaji wa nyumba ya kuishi haizidi kodi ya miezi mitatu, kwa sheria ya 2015.

Njia ya pili ni kiwanja Lubunga, ng'ambo ya mto, na kungoja bei ipande. Lakini daraja hakuna. Watu huvuka kwa mitumbwi na vivuko. Na mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola uliwakimbiza maelfu kutoka huko. Bei haipandi mahali ambapo watu wanapakimbia.

Kwa sheria ya 1973 ardhi ni ya Serikali. Hivyo karatasi ya chifu peke yake haitoshi. Bila sertifika ya usajili, nisingeweka akiba yangu Lubunga. Ningechukua kodi ya Makiso, hata ikiwa ndogo, maana ada za shule hazingoji.