Chuma Kikuukuu na Fundi Apimaye

(Maneno haya aliyasema fundi mmoja wa pikipiki mbele ya vijana wa mitaa ya Eastlands, Nairobi.)

Nimeombwa niseme nanyi habari ya kazi yangu, nayo ni kufufua mitambo ya pikipiki za zamani kwa vyuma vilivyotupwa. Wako watu wanaoidharau kazi hii, wakisema ni kazi ya jalalani. Sivyo. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa kubwa juu ya Kenya, likaonyesha kwamba mafundi wadogo kama sisi ni wafanyakazi wa kweli wanaolisha watu wengi. Lakini sikuja hapa kujisifu. Nimekuja kuwaambieni kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili ninyi msilirudie.

Pikipiki ninayotaka kuieleza ni BSA M20, iliyoundwa Birmingham, Uingereza. Jeshi la Uingereza liliitumia sana katika Vita Kuu ya Pili, na zaidi ya 100,000 ziliundwa kwa ajili ya vita hivyo. Mtambo wake una silinda moja tu yenye upana wa milimita 82, na pistoni yake hupanda na kushuka umbali wa milimita 94. Hauna mbio, lakini una nguvu na subira kama punda. M20 iliacha kuundwa mwaka 1955, na kampuni yenyewe ikaanguka katika miaka ya 1970. Kwa hiyo mwenye pikipiki hiyo asipokuwa na fedha ya kuagiza vipuri ng'ambo, hana budi kutafuta Gikomba, Kariobangi Light Industries, au Kirinyaga Road, ambayo zamani iliitwa Grogan Road.

Miaka mingi iliyopita mzee mmoja wa Kaloleni, aliyekuwa karani, aliniletea M20 aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mtambo ulikuwa umeshikana kwa kutu. Alinipa miezi miwili; mimi, kwa tamaa ya kuonekana hodari, nikamwahidi wiki mbili. Nilipata ringi za pistoni katika lundo la vyuma, nikaona zinaingia, nikaridhika. Sikuzipima. Pikipiki ikawaka na kunguruma vizuri, watoto wa mtaa wakashangilia, nami nikapokea fedha yangu.

Siku ya tatu mzee alikuwa katika Jogoo Road, na mtambo ukashikana ghafula. Gurudumu la nyuma likasimama, pikipiki ikamtupa chini, akavunjika mtulinga. Basi lililokuwa nyuma yake lilimkwepa kidogo tu. Nilipokwenda kumtazama hospitalini sikujua niseme nini. Yeye akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hukukosa chuma. Ulikosa kupima."

Sababu yenyewe ni hii. Chuma kikipata moto hutanuka. Ringi ya pistoni ina pengo dogo mahali ncha zake zinapokaribiana, na kwa silinda ya upana ule pengo hilo lapaswa kuwa kama sehemu tatu za kumi za milimita. Likiwa dogo mno, ncha zitagusana mtambo ukipata moto. Ringi itakosa nafasi ya kutanuka, nayo itaikwaruza silinda hata kuishika. Tena pistoni ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili kuliko silinda ya chuma, basi nayo yataka nafasi yake.

Niliirudia kazi ile bila malipo, na niliyojifunza ndiyo haya.

Kwanza, tafuta pistoni kabla ya kuigusa silinda. Nilipata pistoni katika M20 nyingine iliyokufa, nayo ilizidi upana wa kawaida kwa nusu milimita. Ndipo nikaipeleka silinda ikakerezwe kwa kipimo cha pistoni ile. Ukikereza kwanza, waweza kukosa pistoni ya kuijaza. Kisha isukume ringi ndani ya silinda kwa pistoni ili ikae sawa, upime pengo lake.

Pili, usikubali pistoni iliyosubiwa kwa sufuria kuukuu. Aluminiamu ya pistoni huchanganywa na silikoni ili istahimili moto. Ya sufuria ni ya kupikia ugali.

Tatu, soma namba ya beringi ubavuni mwake. Beringi yenye namba ile ile, hata ikitoka katika mtambo mwingine, itakaa mahali pake ikiwa bado nzima. Nati za pikipiki za Kiingereza za siku zile hazikupimwa kwa milimita. Ukizilazimisha kwa spana za leo utaziharibu.

Nne, ukisha kusaga valvu, mimina mafuta ya taa katika tundu lake. Yakivuja, saga tena.

Tano, mtambo ukiwaka, usipande bado. Fungua kifuniko cha tangi la oili utazame. Katika M20 oili huzunguka na kurudi katika tangi. Usipoiona ikirudi, uzime mara moja.

Sita, uliza chuma kimetoka wapi. Mwaka 2022 Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, kwa sababu watu walikuwa wakiharibu mitambo ya umeme na reli ili kuuza chuma. Mafundi wengi wasio na hatia walipata hasara kwa sababu ya wezi wachache. Daima taka risiti.

Kazi ya pili ilinichukua miezi mitano. Mzee alipokuja kuichukua pikipiki yake hakuniuliza neno lo lote. Aliiwasha, akakaa, akaniambia nipande nyuma yake. Tukaenda mpaka Jogoo Road, mahali pale pale alipoanguka, tukarudi. Nilitetemeka njia nzima, lakini mtambo haukutetemeka.

Vijana wangu, leo wengi wenu mnatengeneza bodaboda zinazowabeba akina mama na watoto wao. Chuma kikuukuu si aibu, wala umaskini si aibu. Lakini kabla hujamkabidhi mtu mtambo wake, jiulize: mimi mwenyewe ningepanda nyuma? Ukisita kujibu, fungua mtambo, ukapime tena.