Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Maneno ya ofisi ya miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili



Katika safari zetu za sharikani tumekuwa tukiulizwa swali moja kutoka pande mbili. Vijana na akina mama wanatuuliza kama inawezekana kufuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo, sebuleni au kwenye ofisi ya usharika. Wageni wetu kutoka Ulaya nao wanatuambia kwamba kwao matangi ya namna hiyo ni ya kawaida, na kwamba samaki wengi waliomo asili yao ni Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Tumeona vema tulijibu swali hili kwa pamoja.

Samaki hao ni wa jamii iitwayo sikilidi. Jina ni geni lakini samaki si wageni, kwa maana sato, perege na furu wote ni wa jamii hiyo. Ziwa Nyasa peke yake lina mamia ya aina zake, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wale wadogo wa rangi kali wanaoishi miambani, wafugaji wa London na Chicago huwaita mbuna. Neno hilo ni la Kitonga cha kando ya ziwa hilo, upande wa Malawi.

Jambo tunalotaka mlichukue leo ni moja. Tangi la samaki ni kama pampu ya maji ya kijiji. Kununua ni kazi ya siku moja, kutunza ni kazi ya miaka. Mbuna aliyetunzwa vizuri huishi miaka mitano na zaidi. Anayenunua tangi na samaki siku moja, mara nyingi huwazika samaki hao kabla mwezi haujaisha, na hajui kwa nini.

Tangi na mahali pake

Kwa mbuna tunashauri tangi lisilopungua urefu wa sentimeta 120, upana wa 40 na kimo cha 50. Hilo huchukua lita 240, yaani maji peke yake yana uzito wa kilo 240. Ukiongeza kioo na mawe unapita kilo 300, kwa hiyo meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Jengeni meza imara ya chuma au matofali, iwe sawasawa, na chini ya kioo wekeni kipande cha povu gumu kama lile linalofungiwa televisheni mpya. Tangi lisikae penye jua la dirishani, kwani maji yatapata moto na kujaa mwani.

Fundi vioo wa mjini anaweza kulitengeneza, mradi atumie gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo huua na samaki. Gundi ikikauka, lijazeni maji kwanza nje ya nyumba mlijaribu.

Mawe makubwa yalale moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka na kupasua kioo. Pangeni mawe yawe na mapango mengi ya kujificha. Mawe ya chokaa yanafaa sana.

Maji

Maji ya maziwa haya yana madini mengi, na pH yake iko juu ya 7. Ya Nyasa ni kati ya 7.7 na 8.6 hivi, na ya Tanganyika ni karibu 9. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi yanakaribia hali hiyo. Maji ya mvua peke yake hayafai kwa kuwa hayana madini. Maji ya bomba yenye klorini yaacheni siku moja au mbili katika ndoo zilizo wazi.

Sasa tunafika penye kiini cha somo. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia, na chakula kilichooza hutoa sumu hiyo hiyo. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti. Amonia na nitriti huua. Nitreti si kali kiasi hicho, nayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi katika sponji ya chujio na juu ya mawe, nao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Tena, katika maji yenye pH ya juu kama haya yetu, amonia ina sumu kali zaidi. Ndiyo maana mbuna hawasamehe haraka.

Basi washeni chujio, tieni chembe kidogo za chakula kila siku ingawa samaki hawapo, na subirini. Mwenye jirani aliye na tangi la zamani lenye afya aombe kipande cha sponji yake, kwani hiyo ndiyo mbegu. Pimeni kwa dawa za kupimia maji. Amonia na nitriti zote zikisoma sifuri, na nitreti ikiwa imeonekana, samaki wanaweza kuingia, wachache kwanza.

Joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Sharika za nyanda za juu zenye baridi zitahitaji hita. Za pwani zitahitaji zaidi pampu ya hewa, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

Kuchagua samaki

Kanuni yetu ni tangi moja, ziwa moja. Samaki wa Nyasa na wa Tanganyika hutofautiana kwa maji, chakula na tabia, nasi hatushauri kuwachanganya.

Katika lita 240 wekeni aina mbili au tatu za mbuna, zisizofanana kwa rangi, jumla wapatao 15. Kila aina iwe na dume mmoja na majike watatu au wanne, ili jike mmoja asiandamwe peke yake. Kwa anayeanza, Labidochromis caeruleus wa njano ni mpole kuliko wenzake wengi. Melanochromis auratus ni mzuri kwa macho lakini ni mgomvi sana, mwacheni kwanza.

Mwenye nafasi ndogo atazame Tanganyika. Neolamprologus multifasciatus ni samaki wa sentimeta chache tu, anayeishi na kulea watoto ndani ya makombe matupu ya konokono. Kikundi cha sita au wanane hutosheka na tangi la lita 80, mchanga na makombe ya kutosha.

Mkimwona jike wa mbuna amevimba kidevu na hali chakula, msidhani anaumwa. Amebeba mayai mdomoni, na atakaa hivyo kama wiki tatu.

Chakula, usafi na umeme

Mbuna wengi hula mwani wa miambani. Wapeni chakula chenye asili ya mimea, na mara moja moja mchicha uliochovywa katika maji ya moto. Nyama ya ng'ombe huwavimbisha tumbo na kuwaua. Wapeni kidogo mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika moja. Kila wiki badilisheni robo ya maji. Sponji ioshwe katika maji yaliyotolewa tangini, wala si chini ya bomba, maana klorini itaua bakteria mliowasubiri wiki sita.

Umeme ukikatika, msiwalishe. Choteni maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yachukue hewa, au tumieni pampu ndogo ya betri. Chujio la kufungwa likikaa saa nyingi bila umeme, bakteria waliomo hufa na kuoza. Lifungueni mlioshe kabla ya kuliwasha, la sivyo mtamwaga sumu tangini.

Ziwa liachwe kama lilivyo

Tunamalizia na lile linalotugusa zaidi. Samaki aliyekaa tangini asirudishwe ziwani wala mtoni, hata mkimhurumia.

Ziwa Victoria linatufundisha. Sangara aliingizwa humo miaka ya 1950, na alipoongezeka sana miaka ya 1980, huku maji nayo yakichafuka, furu walipungua vibaya na aina nyingi zikatoweka. Baadhi ya aina za furu zimeendelea kutunzwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, mbuna wa sehemu nyingine za ziwa hilo hilo waliachiliwa na mfanyabiashara wa samaki kwenye kisiwa cha Thumbi West miaka ya 1960. Wapo hadi leo, na wengine wamezaliana na wenyeji. Kumbe hata ndani ya ziwa moja, kila mwamba una watu wake.

Upande wa kuvua pia kuna hatari. Chindongo demasoni, mdogo mwenye mistari ya buluu na nyeusi, asili yake ni miamba michache ya pwani ya Tanzania katika Ziwa Nyasa. Aina iliyo na makao madogo hivyo inaweza kumalizwa na wavuvi wachache.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wafadhili wetu mnaofuga kwenu, mwulizeni muuzaji kama samaki wamezaliwa tangini, na mchague hao. Nanyi wajumbe, msichukue samaki ziwani kabla ya kumwona afisa uvuvi wa wilaya. Kamati inayotaka tangi ilete kwanza jina la mtu atakayelitunza, makadirio ya umeme na chakula kwa mwaka mzima, na uvumilivu wa wiki sita za kutazama maji matupu.