Ovadrafti: Kupatana na Benki Kabla ya Shida



Mfanya biashara aweza kuwa na mali nyingi na bado akakosa fedha. Mwenye duka auziaye shule unga na maharagwe hulipwa muhula ukiisha, lakini mwenye kinu hangojei. Ataka fedha zake leo. Kati ya siku ya kununua na siku ya kulipwa pana pengo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na ovadrafti.

Maana yake ni kwamba benki humpa mteja ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya zilizomo katika hesabu yake, mpaka kiasi walichopatana. Jambo hili si geni. Katika mwaka wa 1728 Royal Bank of Scotland, huko Edinburgh, ilimpa mfanya biashara William Hogg ruhusa ya kutoa pauni 1,000 zaidi ya akiba yake. Shida yake ilikuwa ile ile ya mwenye duka wetu: kulipa watu kabla ya kulipwa yeye.

Katika Kenya njia hii ilikuwa nyembamba kwa Mwafrika. Sheria ya mwaka wa 1948 ilizuia asikopeshwe zaidi ya shilingi 200 bila kibali. Sheria hiyo imekwisha kufutwa, na sasa kila mwenye biashara aweza kubisha mlango wa benki. Kilichobaki ni kujua namna ya kubisha.

Kwanza, aende mapema. Mtu aandikaye cheki huku akijua kwamba hesabu yake haina fedha wala hana mapatano na benki, huenda akashitakiwa. Lakini aliyepatana na benki mwezi mmoja kabla, cheki yake hulipwa, na jina lake hubaki safi.

Pili, asiende mikono mitupu. Achukue daftari la mauzo na manunuzi, na barua ya shule inayoonyesha mali iliyoagizwa na siku ya malipo. Meneja wa benki atataka kujua mambo matatu: fedha zitafanya kazi gani, zitarudi lini, na zitatoka wapi. Asiyeweza kuyajibu hayo hajawa tayari kukopa.

Tatu, ajue gharama. Riba huhesabiwa kila siku, tena kwa fedha zilizotumiwa tu. Tuseme mtu ameruhusiwa shilingi 100,000 kwa riba ya 15 kwa mia kwa mwaka. Akitumia 60,000 kwa siku 40, riba yake ni kama shilingi 986. Zile 40,000 asizozigusa hazina riba. Hata hivyo aulize kama kuna ada nyingine, na jibu lake alitake kwa maandishi.

Hapa pana hatari. Kwa kawaida benki ina haki ya kuidai ovadrafti wakati wowote. Kwa hiyo fedha hizo hazifai kujengea nyumba, kununulia gari wala kufanyia arusi, kwa maana vitu hivyo havigeuki kuwa fedha upesi. Benki ikidai, na hati ya shamba ikiwa imewekwa rehani, shamba ndilo litakalouzwa. Ndiyo sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 yataka mume na mke wote wawili watie sahihi kabla ya makao ya ndoa kuwekwa rehani. Basi mtu na azungumze nyumbani kwake kabla ya kwenda kuzungumza na meneja.

Wazee walisema kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Lakini mwenye duka ambaye shule ikimlipa hupeleka fedha benki siku ile ile, haoni matanga. Muhula ujao akirudi, meneja atamkaribisha kiti kabla hajaomba.